Mkono wa Chama

Muhuri nauweka kwenye kopo la maziwa ya unga,
chini ya kitanda, nyuma ya jembe lenye mpini mpya.
Ufunguo wa kasha ninao mimi, Ayikoru.
Kidau cha wino anacho Drani, ng'ambo ya kijito.
Ili muhuri ulowe, sharti mmoja wetu avuke maji.
Ndivyo tulivyotaka wenyewe.

Maana mwaka ule, kabla ya cheti,
Onzima alitia sahihi peke yake
juu ya boneti ya gari la mnunuzi, injini ikinguruma:
*kwa niaba ya Chama cha Wafuga Nyuki, Terego.*
Na chama kilikuwa bado maneno,
vikao vya Jumapili baada ya misa,
daftari la mistari lenye madoa ya nta.

Madumu arobaini ya asali.
Manane yalikuwa na maji.

Ahadi ni deni, tulijua tangu utotoni.
Hatukujua kwamba deni huuliza: la nani?
Sheria ilikuja kutafuta chama
ikapiga hodi, isione mlango.
Ikamwona Onzima, mwenye mlango,
mwenye zizi, mwenye fahali mwekundu
aliyemnywesha kwa kiganja tangu ndama.
Dalali wa mahakama akafungua kamba.
Sisi tulisimama njiani,
kila mtu akiikagua miguu yake.

Aliyesaini kwa niaba ya asiyekuwapo
alijisainia.

Cheti kilipotoka, bahasha imekunjamana kwa mvua,
karani wa ushirika pale Arua alitwambia:
"Sasa mmezaa mtu.
Hana kitovu, hana kaburi.
Atadai, atadaiwa, atashtaki, atashtakiwa.
Mkifa nyote usiku huu, kesho bado yupo."
Candiru akauliza, "Na anakula nini?"
"Michango," akajibu karani, bila kucheka.
"Mikono je?"
Akatusukumia mezani kile kipande cha chuma na mpira,
kizito kuliko kilivyoonekana.

Basi jana alikuja kijana wa kampuni, tai ya buluu,
kilo mia sita, bei kwa kilo, siku thelathini,
asali ikizidi maji inarudi kwa gharama yetu.
Saa yake aliitazama mara nne.
"Gonga tu, mama. Mengine tutarekebisha baadaye."

Nami, Mungu anajua, nilitaka kugonga.
Karo ya Letasi imepita tarehe,
mwanangu yuko nyumbani, anachambua maharage
badala ya hesabu.
Lakini nia yangu si nia ya chama.
Nia ya chama imo kwenye kumbukumbu za kikao,
na kikao hakijakaa.

Nikamwambia: kunywa chai.

Tulisoma kila kifungu kwa Kiswahili, kisha Kilugbara,
na pale "gharama yetu" tukabishana hadi kuku wakapanda kulala.
Tukafuta. Tukaandika "nusu kwa nusu".
Kijana akapiga simu, akazunguka mti wa shea,
akarudi, akaandika jina lake pembeni.
Mikono thelathini na mmoja juu.
Miwili ilikataa, na imeandikwa.
Ezaruku alikuwa amelala, na hilo pia limeandikwa.

Ndipo Drani akavuka, suruali imekunjwa magotini,
kidau kifuani kama yai.
Sahihi yake, sahihi yangu, kisha chuma:
*tap.*
Sauti ndogo kama ya embe bichi likianguka,
na mtu asiye na kitovu akawa amefungwa,
yeye, na madumu yake, na mizinga yake,
si zizi la mtu.

Usiku, nikisonga ugali wa muhogo,
niliona wino wa zambarau kwenye mpini wa mwiko.
Sikuufuta.

Onzima aliomba nakala.
Aliisogeza karibu na taa, akashuka na kidole
mpaka chini kabisa, mara tatu,
akitafuta jina lake.
Hakuliona.
Akaomba sukari zaidi.